Kupima kadi mpya ya michoro ya daraja la juu: RTX 5090 kama mfano

Kadi ya michoro ya bei kubwa hukaa ndani ya kompyuta miaka minne, mitano, lakini muda wa kuirudisha dukani ni siku saba, kumi na nne, au thelathini ukibahatika. Ndiyo maana upimaji ni kazi ya wiki ya kwanza, na kadi hupimwa ndani ya mashine itakayoitumikia: kwa umeme wako, joto la chumba chako na skrini yako. Alama walizopata wapimaji wengine zinakusaidia kuchagua. Hazisemi lolote kuhusu kipande kilichomo ndani ya boksi lako.

Mfano wetu ni GeForce RTX 5090, ambayo NVIDIA iliitoa Januari 30, 2025 kwa dola 1,999 kabla ya kodi. Tumeichagua kwa sababu matatizo ya kadi kubwa yote yanaonekana kwake waziwazi: umeme mwingi, joto jingi, prosesa inayoachwa nyuma na takwimu za matangazo. Hatua hizihizi zinafaa kwa RTX 5080, RTX 5070 Ti, RX 9070 XT ya AMD, au kadi ya kizazi kilichopita unayoinunua mtumba. Badilisha namba tu.

Kabla ya kulipa

Chukua karatasi, andika kadi mpya upande mmoja na ya zamani upande wa pili. RTX 4090, iliyotoka Oktoba 2022 kwa dola 1,599, ina viini vya CUDA (vitengo vidogo vya hesabu ndani ya chipu) 16,384, kumbukumbu ya GB 24, na inakula hadi wati 450. RTX 5090 ina viini 21,760, GB 32 za GDDR7, wati 575. Piga hesabu: viini vimeongezeka asilimia 33, umeme asilimia 28, bei asilimia 25. Chipu zote mbili zimetengenezwa na TSMC kwa teknolojia ileile ya 4N, kwa hiyo usitarajie muujiza. Kwenye 4K, bila fremu (picha moja moja zinazounda mwendo wa gemu) za kubuniwa na AI, kadi mpya inaizidi ya zamani kwa takriban asilimia 30. Kasi ya kumbukumbu imeruka kutoka GB 1,008 hadi 1,792 kwa sekunde, yaani asilimia 78, na wauzaji wanaipenda sana namba hiyo. Lakini ongezeko la fremu limefuata viini na umeme, halikufuata kumbukumbu.

Sasa ilinganishe na mdogo wake. RTX 5080 ilitoka siku hiyohiyo kwa dola 999, ikiwa na viini 10,752, GB 16 na wati 360. Kwa bei ya nusu unapata karibu theluthi mbili ya fremu za 5090 kwenye 4K. Ukitafuta thamani ya kila shilingi, 5080 inashinda bila ubishi. Sababu za haki za kununua 5090 ni tatu: una skrini ya 4K ya hertz 120 au zaidi, unataka Path Tracing, yaani mwanga unaokokotolewa mwale kwa mwale, ikiwa imewashwa, au kompyuta hiyohiyo inafanya kazi nyingine inayokula zaidi ya GB 16 za kumbukumbu. Kwa mwenye skrini ya 1080p fedha hizo zinapotea bure. 4K ina nukta 8,294,400 na 1080p ina 2,073,600, robo yake, na kwa robo hiyo kadi itakuwa inakaa ikiisubiri prosesa.

Angalia pia waya unaokwenda kwenye skrini. Televisheni yenye HDMI 2.0 inaishia 4K ya hertz 60, hata ukiichomekea kadi ya dola elfu mbili.

Halafu pawasaplai. NVIDIA inataka wati 1,000 kwa 5090, 850 kwa 5080 na 750 kwa 5070 Ti. Isiwe wati tu, iwe ya kiwango cha ATX 3.0 au 3.1. Kadi hizi huruka ghafla kwa sehemu ndogo ya sekunde hadi juu sana ya kiwango chake cha kawaida, na viwango hivyo vinaitaka pawasaplai ivumilie mruko wa hadi mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Pawasaplai ya zamani ya wati 1,000 inaweza kuzima kompyuta katikati ya gemu ingawa hesabu yako kwenye karatasi inatosha, na wengi hapo huilaumu kadi.

Mwenye UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika) afanye hesabu nyingine. Kadi wati 575, prosesa 120, vilivyobaki 80: jumla 775. Pawasaplai ikiwa na ufanisi wa asilimia 90, ukutani unavuta karibu wati 860. UPS iliyoandikwa VA 1,000 mara nyingi hubeba wati 600 tu, kwa hiyo umeme ukikatika wakati wa gemu inazimika papo hapo. Soma wati zake, usisome VA. Na iwe inayotoa wimbi laini halisi (pure sine wave), kwa kuwa baadhi ya pawasaplai za kisasa hukataa lile wimbi la ngazingazi la UPS za bei nafuu.

Mwisho wa maandalizi, pima kasha kwa rula. Kadi ya NVIDIA yenyewe ina urefu wa mm 304, upana wa mm 137 na unene wa sloti mbili (nafasi za kadi nyuma ya kasha). Za watengenezaji wengine, kama ASUS, MSI na Gigabyte, hupita mm 340 na kula sloti tatu na nusu. Upana ndio unaosahaulika: kutoka ukingo wa kadi hadi mlango wa kasha, waya wa umeme unahitaji angalau mm 35 ukiwa umenyooka kabla ya kukunjwa.

Vitu vya kuandaa

Programu ni za bure isipokuwa moja: GPU-Z ya kusoma utambulisho wa kadi, HWiNFO64 ya kurekodi joto na umeme, CapFrameX ya kurekodi muda wa kila fremu, DDU ya kufuta draiva za zamani, memtest_vulkan ya kupima kumbukumbu, na 3DMark, ambayo majaribio yake ya kurudiarudia yako kwenye toleo la kulipia. Vifaa: kipimajoto cha chumba, mita ya umeme ya kuchomeka kwenye plagi ya ukutani na, ukiweza, klampu mita inayopima umeme wa DC. Zile za bei ya chini hupima AC tu na hapa hazitasoma kitu.

Kabla ya kung'oa kadi ya zamani, ipime kwa utaratibu ulioelezwa chini na uhifadhi matokeo. Bila namba za zamani, huna cha kulinganisha.

Hatua ya 1: Ukaguzi wa macho

Piga picha boksi likiwa limefungwa, kisha mihuri yake, kisha namba ya utambulisho ya kadi (serial number), nayo ilingane na iliyo kwenye boksi. Kagua meno ya dhahabu ya upande wa PCIe, unaoingia kwenye sloti ya ubao mama: kadi mpya haina mikwaruzo mirefu ya kuingizwa na kutolewa. Zungusha feni kwa kidole, zisikwaruze. Angalia skrubu zinazozunguka chipu kwa nyuma. Kichwa cha skrubu kilichokwaruzika maana yake kuna aliyefungua, na kwenye kadi kubwa za mtumba kumekuwa na visa vya chipu na kumbukumbu kung'olewa, ikabaki bodi tupu chini ya kipoozeo. Ukinunua mtumba, usilipe kabla ya kuiona ikiwaka na kubeba mzigo.

Hatua ya 2: Plagi ya umeme

Hapa usiharakishe. Plagi ya 12V-2x6 ina pini 16: sita za volti 12, sita za kurudisha, na nne ndogo zinazoiambia kadi ruhusa ya wati ngapi imepewa. Wati 575 kwa volti 12 ni ampea 48. Zikigawanywa sawa kwa pini sita, kila moja inabeba ampea 8, na pini yenyewe imekadiriwa ampea 9.5. Nafasi iliyobaki ni ndogo. Plagi za pini 8 za zamani hubeba wati 150 kila moja zikiwa na nafasi kubwa zaidi ya usalama, na hiyo ndiyo sababu mafundi wengi hawakuzoea kuogopa plagi.

Tatizo linaanza mgawanyo unapoharibika. Joto kwenye mguso wa pini hukua kwa mraba wa mkondo. Chukua mguso wenye ukinzani wa miliohmu 5: kwa ampea 8 unatoa wati 0.32, kitu cha kupuuza. Pini mbili zikilegea na nyingine ikabebeshwa ampea 20, mguso huohuo unatoa wati 2, ndani ya tundu la plastiki lisilopitisha hewa. Plastiki inalainika, pini inazidi kulegea, joto linapanda tena. Kwenye kadi nyingi za 4090 na 5090 pini zote sita huungana kuwa njia moja mara tu baada ya plagi, kwa hiyo kadi haijui ni pini ipi inayoelemewa. Baadhi ya kadi, mfano ROG Astral ya ASUS, zina vihisi vya kila pini na hutoa onyo.

Plagi zilizoyeyuka za RTX 4090 zilianza kuonekana Oktoba 2022, na nyingi zilikutwa hazikuingia hadi mwisho. Marekebisho ya 12V-2x6 yalirefusha pini za umeme na kufupisha zile nne ndogo, ili plagi isiyoingia vizuri ikose ruhusa na kadi isivute umeme. Yamepunguza tatizo, hayakulimaliza.

Fanya hivi:

1. Tumia waya uliokuja na pawasaplai hiyohiyo. Usiazime waya wa pawasaplai ya kampuni nyingine hata kama tundu linafanana, kwa sababu mpangilio wa nyaya upande wa pawasaplai hutofautiana na unaweza kuichoma kadi.
2. Chomeka plagi kwenye kadi ikiwa bado mezani, unakoona vizuri. Sukuma kwa vidole gumba viwili hadi kusiwe na mwanya hata wa unene wa kucha, kisha ivute kidogo. Usitegemee mlio wa kufunga, maana plagi nyingine hazilii.
3. Ukitumia adapta iliyomo boksini, ile ya 5090 ina matundu manne ya pini 8. Yajaze yote manne, na kila moja litoke kwenye waya wake. Waya mmoja wenye vichwa viwili hauruhusiwi.
4. Acha mm 35 za waya ulionyooka, ndipo ukunje. Hakikisha mlango wa kasha hauusukumi.
5. Weka kishikilia cha chini ya kadi. Kadi hizi zina uzito wa karibu kilo 2 na zaidi, zikiinama zinavuta plagi na sloti kwa pamoja.

Baada ya nusu saa ya mzigo mkubwa, gusa plagi. Uvuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuacha kidole kwa sekunde tatu, zima mashine. Mwenye klampu mita ya DC apime kila waya wa volti 12 mmoja mmoja wakati kadi iko kwenye mzigo: zote ziwe kati ya ampea 6 na 9. Ukikuta mmoja una 13 na mwingine 3, badilisha waya kwanza, pima tena, na mgawanyo usipobadilika kasoro iko kwenye tundu la kadi. Rudisha.

Hatua ya 3: Utambulisho

Futa draiva za zamani kwa DDU ukiwa Safe Mode, intaneti ikiwa imezimwa ili Windows isijiwekee yake. Sakinisha draiva mpya, kisha fungua GPU-Z na usome mistari hii.

Viini na ROP (vitengo vya chipu vinavyokamilisha nukta za picha). Kwa 5090 iandike 21,760 na 176. Kwa 5080 ni 10,752 na 112, na kwa 5070 Ti ni 8,960 na 96. Mstari wa ROP haukuwa ukitazamwa na mtu hadi Februari 2025, NVIDIA ilipokiri kwamba baadhi ya kadi zilitoka kiwandani zikiwa na pungufu ya ROP nane: 168 kwa 5090, 104 kwa 5080, 88 kwa 5070 Ti. Kampuni ilitaja takriban nusu asilimia ya kadi za 5090 na 5070 Ti, na hasara ya wastani wa asilimia 4. Asilimia 4 huwezi kuiona kwa macho ukicheza, kwa hiyo namba hii ndiyo njia pekee ya kujua. Kadi yenye pungufu hubadilishwa, hakuna draiva inayorudisha.

Bus Interface. Kadi ikipumzika itasomeka x16 1.1 (njia 16 za data, kizazi cha PCIe 1.1), usishtuke, inapunguza kasi ili kuokoa umeme. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, uanzishe jaribio dogo, na isomeke x16 5.0, au x16 4.0 kwa ubao mama wa kizazi cha nyuma. Ikibaki x8, kwanza angalia diski za M.2: kwenye mbao mama kadhaa, diski ikiwekwa kwenye tundu fulani hunyang'anya kadi nusu ya njia zake. Maelezo yako kwenye kitabu cha ubao mama. Halafu kagua vumbi kwenye sloti.

Resizable BAR, inayoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, iwe Enabled. Ikiwa imezimwa, iwashe kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Windows) pamoja na Above 4G Decoding.

Aliyetumia waya wa kurefusha sloti ili kadi isimame wima aangalie kama waya huo ni wa PCIe 5.0. Ikiwa ni wa 4.0, nenda BIOS ulazimishe sloti kuwa Gen 4. Skrini nyeusi za ghafla zinazodhaniwa ni ugonjwa wa kadi, mara nyingine ni waya huo. Hasara ya kushuka hadi Gen 4 kwenye gemu ni ndogo mno.

Hatua ya 4: Kupima fremu

Tayarisha uwanja kwanza. RAM iwe kwenye XMP au EXPO (mpangilio wa BIOS wa kasi yake kamili), V-Sync, inayofunga fremu kwenye kasi ya skrini, izimwe, kikomo cha fremu kiondolewe, programu za nyuma zifungwe. Washa gemu na ucheze dakika 15 bila kurekodi, kadi ifikie joto lake la kazi. Kadi baridi hupanda kasi zaidi, na rekodi ya dakika ya kwanza itakudanganya kwa kukupendelea.

Chagua gemu tatu au nne unazocheza kweli, na angalau moja iwe na jaribio lake la ndani. Cyberpunk 2077 inalo, na Black Myth: Wukong ina programu ya bure ya majaribio kwenye Steam. Kwa gemu isiyo na jaribio, chagua njia moja, mfano mtaa uleule kwa sekunde 60, na uirudie bila kubadilisha kitu. Rudia mara nne, tupa ya kwanza kwa sababu huwa imechafuliwa na utayarishaji wa sheda (programu ndogo za kuchora picha), chukua wastani wa tatu. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 3, kuna kitu kinaendelea nyuma; kitafute kwanza.

Wastani wa FPS (fremu kwa sekunde) unaficha mengi. Tazama mfano huu. Kadi ya kwanza inatoa fremu kumi, kila moja kwa milisekunde 10. Kadi ya pili inatoa fremu tisa kwa milisekunde 7, ya kumi inachelewa hadi 37. Zote zimetumia milisekunde 100 kwa fremu kumi, zote zinaandikwa FPS 100. Ya kwanza ni laini kama mafuta, ya pili inakwamakwama mara kumi kila sekunde na kichwa kitakuuma. Ndiyo maana CapFrameX hukupa asilimia 1 ya chini (kasi ya fremu zilizochelewa kuliko zote), na pia mchoro wa muda wa fremu. Soma mchoro kwanza. Mstari ulio tambarare wenye FPS 90 ni bora kuliko wenye miiba wa FPS 110.

Tahadhari moja: CapFrameX ina vipimo viwili vinavyofanana majina, cha mpaka wa asilimia 1 na cha wastani wa asilimia 1 ya chini, na havitoi namba sawa. Chagua kimoja, na usilinganishe na namba za programu nyingine.

Je, ni kadi au prosesa inayokuzuia? Angalia matumizi ya GPU, yaani chipu ya kadi, kwa asilimia. Yakiwa 97 hadi 99, kadi inafanya kazi yake yote. Yakiwa 70, inasubiri. Thibitisha kwa kushusha picha kutoka 4K hadi 1440p, ambayo nukta zake ni chache mara 2.25. FPS zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imebanwa. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo ukuta. Hata Ryzen 7 9800X3D, yenye kasi kubwa mno kwa gemu, huachwa nyuma na 5090 kwenye 1080p. Mtu mwenye prosesa ya miaka mitano akilalamika kwamba kadi mpya haijaongeza kitu, kwa kawaida jibu ni hili. Kadi haina kosa. Apandishe mipangilio ya picha mpaka ipate kazi.

Hatua ya 5: Tenganisha fremu halisi na za kubuniwa

Januari 2025, kwenye maonyesho ya CES, NVIDIA ilitangaza kwamba RTX 5070 ya dola 549 ina uwezo wa RTX 4090. Kauli ile ilitegemea DLSS 4, teknolojia ya NVIDIA ya kukuza picha na kubuni fremu kwa AI, ambayo kwa kila fremu moja iliyochorwa inaweza kubuni nyingine tatu. Zima hiyo na ulinganifu unavunjika vibaya.

Kwa hiyo pima mara tatu na uandike safu tatu tofauti. Ya kwanza, bila DLSS wala FSR, mwenzake wa AMD. Ya pili, ikiwa imewashwa kukuza picha kwa kiwango cha Quality, ambapo 4K huchorwa kwa 2560 x 1440 kisha ikakuzwa. Hizi bado ni fremu halisi, na ubora wa toleo hili la DLSS unatosha kuitumia kila siku. Ya tatu, ikiwa na fremu za kubuniwa.

Safu ya tatu isomwe kwa makini. Fremu ya kubuniwa haijui umebonyeza nini. Gemu inayotoa FPS 60 halisi ikipelekwa hadi 240, jicho linaona ulaini wa 240, mkono unahisi 60 au chini yake kidogo, kwa sababu fremu moja halisi hushikiliwa ili zile za kati zitengenezwe. Kuanzia FPS 60 kwenda juu, kipengele hiki kinapendeza. Kuanzia 30, kila fremu halisi ina milisekunde 33 na kipanya kinakuwa kizito kama unasukuma gogo, hata kona ya skrini ikiandika 120. Kwa gemu za ushindani kama Counter-Strike 2, acha kabisa.

Hatua ya 6: Joto na kelele

Wapimaji wengi hufanya kazi kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 23. Dar es Salaam au Mombasa bila kiyoyozi, chumba kinafika 31. Linganisha kupanda kwa joto, usilinganishe namba ya mwisho. Wakiandika kadi ilifika nyuzi 77 kwenye chumba cha 22, imepanda 55. Kwenye chumba cha 31 tarajia karibu 86, ikipunguzwa kidogo na feni zitakazozunguka kwa kasi zaidi. Kikomo cha 5090 ni nyuzi 90, baada ya hapo inajipunguzia kasi. Yaani kadi iliyosifiwa kwa utulivu huko kwao inaweza kuwa imebakiza nyuzi nne kwako, na huo ndio msingi wa kuchagua kipoozeo kikubwa badala ya kizuri kwa macho.

Rekodi kwa HWiNFO64 kwa dakika 30, mlango wa kasha ukiwa umefungwa. Andika joto la chipu, joto la kumbukumbu, kasi ya feni, wati na kasi ya saa ya kadi. Mfululizo wa 50 hautoi kipimo cha sehemu yenye joto kali zaidi ya chipu, kwa hiyo usikitafute. Kwenye kadi za AMD kipo na kikomo chake ni nyuzi 110. Pengo kati yake na joto la kawaida likizidi nyuzi 25 hadi 30, shaka ubovu wa kipoozeo. Desemba 2022 ilipotoka RX 7900 XTX, baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa muundo wa AMD zilikuwa zikigonga 110, na AMD ilithibitisha kwamba chemba za mvuke (sehemu ya kipoozeo inayosambaza joto kwa maji yanayogeuka mvuke) za fungu fulani hazikuwa na maji ya kutosha. Njia ya kugundua ni rahisi: geuza kasha kadi isimame wima, pima tena. Joto likishuka sana, chemba ina kasoro.

Kisha endesha jaribio la 3DMark la mizunguko 20, Steel Nomad au Speed Way. Tofauti ya mzunguko bora na mbaya isizidi asilimia 3. Kufaulu ni 97 au zaidi. Kadi inayoanza vizuri na kufeli hapa inapungua kasi kwa joto. Jaribu mlango ukiwa wazi: ikifaulu, tatizo ni hewa ya kasha, ongeza feni ya kuingiza hewa mbele. Ikifeli bado, ni kipoozeo cha kadi.

Kumbuka na chumba chenyewe. Wati 800 zinazotoka nyuma ya kompyuta ni sawa na BTU 2,730 kwa saa, karibu theluthi ya uwezo wa kiyoyozi cha BTU 9,000.

Kuhusu kelele, weka simu ya kupimia sauti umbali wa sm 50 na usikilize pia kwa sikio. Mlio mwembamba unaobadilika kadiri FPS zinavyobadilika unatoka kwenye koili. Hauharibu kitu. Ukiwepo kwenye FPS 600 za menyu tu, weka kikomo cha fremu na uusahau. Ukisikika wakati wa kucheza kawaida kupitia mlango uliofungwa, una haki ya kuomba nyingine.

Hatua ya 7: Kumbukumbu

Endesha memtest_vulkan kwa dakika 10 kadi ikiwa tayari imepata moto. Kosa moja tu linatosha kuirudisha. Vidoti, miraba ya rangi au pembetatu zinazorukaruka kwenye gemu ni dalili hiyohiyo. Usipandishe kasi ya kumbukumbu kabla ya kumaliza majaribio haya: GDDR7 ina uwezo wa kugundua kosa na kurudia kutuma, hivyo kasi ya kupita kiasi huja kama FPS zinazopungua bila gemu kuanguka, na utaitafuta sababu kwingine.

Hatua ya 8: Punguza umeme, pima tena

Hatua hii huwa inarukwa, na kwa hali ya hewa ya pwani ina faida kuliko zote. Fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha Power Limit (kikomo cha umeme) ya 5090 hadi asilimia 80, yaani wati 460, kisha rudia jaribio moja la hatua ya 4. Kwa kawaida utapoteza asilimia chache za FPS, na utakuwa umeondoa wati 115, joto limeshuka, feni zimetulia, na kila pini ya plagi imeshuka kutoka ampea 8 hadi 6.4. Huo ndio mpangilio tunaoupendekeza kwa matumizi ya kila siku. Mwenye UPS ndogo au pawasaplai iliyo ukingoni anauhitaji zaidi.

Hatua ya 9: Kuamua

Weka matokeo yote kwenye faili moja: tarehe, joto la chumba, toleo la draiva, FPS za safu tatu, asilimia 1 ya chini, joto, wati za kadi na za ukutani. Rudisha kadi bila kusita kwa ROP pungufu, kosa la kumbukumbu, mgawanyo mbaya wa ampea usiorekebika kwa waya mwingine, au FPS zilizo chini ya wapimaji kwa zaidi ya asilimia 7 kwenye 4K ingawa matumizi ya GPU yako ni 98. Usiirudishe kwa sababu ya FPS ndogo kwenye 1080p, wala kwa skrini nyeusi uliyoipata kabla ya kujaribu draiva nyingine na kushusha sloti hadi Gen 4.

Mstari mmoja wa HWiNFO64 uendelee kuufuatilia: volti za plagi ya pini 16. Kushuka kutoka 12.0 hadi 11.8 kadi inapobeba mzigo ni kawaida. Andika namba ya leo, kisha ipime tena baada ya mwezi kwa gemu ileile na mipangilio ileile. Ikiwa 11.8 imekuwa 11.6, ukinzani wa mguso umeongezeka. Zima, chomoa waya ukutani, vuta plagi uitazame kwa tochi ndani ya kila tundu. Plastiki iliyogeuka kahawia au kuvimba ukingoni ina maana waya huo hautumiki tena, na picha zake ndizo utakazoambatisha kwenye dai la dhamana.